Daftari la Bwana Shibe

Karatasi zilikuwa tatu ndani ya kofia ya Mzee Abbasi, na ile yenye neno Mlanguzi ikamwangukia Pantaleo, mtu ambaye hata ukimkanyaga wewe, yeye ndiye anayekuomba radhi. Uani pale walicheka mpaka Bushiri, mkaanga samaki wa Feri, akapaliwa na chai. Pantaleo naye alicheka, akaomba wabadilishane, akakataliwa. Mwalimu Theopista alisema kura ni kura.

Mchezo wenyewe aliubuni huyo Theopista, mpangaji wa chumba cha mbele katika nyumba yao ya vyumba sita, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima, na shida yake ilikuwa moja: wanafunzi wake wakishapata cheti cha kujua kusoma, hawasomi tena chochote. Basi akatunga kijiji cha kwenye karatasi, akijaribie kwanza kwa majirani kabla ya kukipeleka darasani, akakiita Tupendane, akakichora juu ya kipande cha boksi kilichotandazwa mezani. Kilikuwa na mashamba, kisima, ghala, na zahanati isiyo na dawa. Kila mchezaji awe mtu mmoja wa kijiji hicho, amsemee na kumtendea, na mambo yake yote ayaandike kwenye daftari kana kwamba ni yake mwenyewe: mimi ni nani, nina nini, nataka nini, naficha nini. Theopista ndiye aliyekuwa mwelezaji, mwenye kuamua kama mvua imenyesha au imegoma. Ukitaka kufanya jambo la hatari, unatupa dadu la ludo. Nne kwenda juu umefanikiwa, chini ya hapo umeumbuka. Daftari la mtu lilikuwa siri yake na mwelezaji tu.

Bushiri alipata Mkulima. Mzee Abbasi alipata Mwenyekiti wa Kijiji, na hakuna aliyeshangaa, maana hata nje ya karatasi yeye ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi. Kazi yake ilikuwa cherehani, lakini sukari ya mgao ilipita mikononi mwake, barua za utambulisho aliziandika yeye, na mke na mume wakigombana walianzia kwake kabla ya kufika kwingine kokote.

Pantaleo alimwita mtu wake Bwana Shibe. Jumapili ya kwanza alimsemea kwa aibu, macho chini, kama mtu anayetongoza kwa kulazimishwa. Jumapili ya pili sauti ikaanza kupata uzito. Ya tatu, Bwana Shibe alikuwa ameshahamia pale mezani na miguu ameinyoosha.

"Chumvi nikiwauzia leo watanishukuru," alisema, akilizungusha dadu kiganjani. "Nikiificha mwezi mzima ndipo niwauzie, wataniombea dua."

Tuseme ukweli: alifurahia. Kutwa alikuwa bandarini, karani wa kuhesabu shehena za watu wengine, ndiyo mzee, hapana mzee, samahani mzee. Jumapili alasiri, saa mbili nzima, watu walikuwa wakimwogopa. Hilo ni jambo tamu, na asiyelijua basi hajawahi kuogopwa.

Mkewe, Hyasinta, hakucheza hata siku moja. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia, mwanamke aliyewahi kurudi kwa miguu mpaka Buguruni kurudisha sindano ya watu aliyoondoka nayo kwa kusahau. Alikuwa akiketi mlangoni kwake akichambua mchele na kusikiliza.

"Sipendi unavyokuwa pale mezani," alimwambia mumewe. "Unakuwa hodari mno."

"Mama Agnesi, ni mchezo tu."

"Nimeona."

Jumapili baada ya Jumapili Mwenyekiti alikuwa akiisaka sukari ya Bwana Shibe. Alipekua ghala, akashusha mtu kisimani, akavunja sakafu ya zahanati. Dadu lilimpa tano, likampa sita, na bado mikono ikatoka mitupu, kwa sababu sukari haikuwa huko. Bushiri alimtania kwamba kama mlanguzi wa karatasi anamshinda, huyo wa nyama na mifupa atamwezaje. Mzee Abbasi aliivuta kofia yake mbele na hakucheka.

Ukurasa uliomshinda Mwenyekiti, Pantaleo aliuandika Ijumaa moja alasiri, ameketi kizingitini na kalamu ya wino wa bluu. Mbele yake, ng'ambo ya ua, kulikuwa na mlango wa Bi Zamda mwenye nyumba, na pazia lililoshushwa. Bi Zamda alikuwa dada yake Mzee Abbasi, tumbo moja, na mumewe alikuwa amefariki mwezi wa kwanza. Pantaleo, mtu wa Masasi na Mkristo wa kuzaliwa, mambo ya eda aliyajulia katika nyumba hiyo: miezi minne na siku kumi mjane hatoki, na chumbani kwake haingii mwanamume isipokuwa maharimu wake, yaani wale wasioweza kumuoa. Alilitazama lile pazia, akatazama daftari, akaandika: *Sukari yangu yote iko chumbani kwa mjane aliye edani. Haingii mwanamume ila ndugu yake wa damu. Huyo ndugu nimeshamnunua.*

Alipomaliza aliona haya kidogo. Akamsalimia Bi Zamda kupitia pazia, akampa pole, naye akaitikia kwa upole kutoka ndani. Lakini hakuufuta ukurasa. Theopista alipousoma aliziba mdomo kwa kiganja.

"Pantaleo," alisema, "kumbe wewe ni mtu mbaya."

Hakuna sifa iliyowahi kumpendeza kama hiyo.

Mwaka ulikuwa themanini na tatu. Wiki chache baadaye redio ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na Kariakoo ikabadilika rangi. Watu waliopekuliwa walipakiwa kwenye malori pamoja na mali zao. Wenye vya kuficha walivitupa: asubuhi Mto Msimbazi ulikuwa ukionekana na povu la sabuni, na vitenge vipya vilinasa kwenye magugu, na hakuna aliyethubutu kuviokota. Hata wasio na kitu waliogopa, kwa sababu hakuna aliyejua mpaka uko wapi. Vipande vitatu vya sabuni ni matumizi ya nyumbani. Vinne je? Sukari ya mgao ya nyumba zao kumi ilikuwa haijaonekana wiki ya tatu sasa. Mzee Abbasi alisema haijafika, na watu walikunywa chai ya chumvi bila kuuliza sana.

Pantaleo alikuwa juu ya gati, ubao wa kuandikia mkononi, alipolikumbuka daftari. Alishika kamba ya turubai. Lilikuwa limejaa mwandiko wake, na mahali popote hapakuandikwa neno mchezo. Mimi nina mifuko arobaini ya sukari. Mimi nina katoni sitini za sabuni. Naficha hapa, nikishtukiwa nahamishia pale. Tena mwenyewe mtu wa bandarini. Nani angemsikiliza akianza kueleza habari za kijiji cha boksi na dadu la ludo?

Alirudi nyumbani mbio mbio na kwenda moja kwa moja chumbani kwa Theopista, ambaye madaftari yote aliyaweka ndani ya kopo la biskuti. Kopo lilikuwa na madaftari mawili.

"La kwako aliliazima balozi," Theopista alisema. "Juzi. Amechoka kushindwa, anataka aone alipokosea. Nikaona mchezo wenyewe tumeshausimamisha, basi nikampa. Kwani vipi?"

Pantaleo alitoka kama alivyoingia, viatu vya kazi miguuni, akaenda mtaa wa pili, ambako Mzee Abbasi alikuwa akishonea barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umewahi kutoka."

"Nimetoka. Mzee, nimefuata lile daftari langu. La Bwana Shibe."

Mguu wa Mzee Abbasi uliendelea kukanyaga cherehani. Alikuwa akishona suruali, na macho hakuyainua.

"Lipo," alisema.

"Naomba nilichome, mzee. Hali yenyewe unaiona."

"Lipo mahali salama. Wewe kijana fanya kazi zako, kaa kimya. Mtu akikaa kimya, nani atamuuliza?"

Alisema hivyo kwa sauti ya upole kabisa, na upole huo ndio uliomtia Pantaleo baridi. Njia nzima ya kurudi aliyapima maneno hayo. Balozi analiweka daftari ili siku wakubwa wakimuuliza nyumba zako kumi zina nani, awe na wa kumtoa. Kila balozi mjini alikuwa akitafuta wa kumtoa. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa amejiandikia mashtaka, akayapamba.

Wiki ile hakula. Bandarini gari likifunga breki nyuma yake alikuwa akishtuka na kupoteza hesabu, akaanza upya. Nyumbani akisikia viatu vizito kwenye ukumbi, anasimama kwanza mpaka vipite.

"Baba Agnesi, una nini?" Hyasinta alimuuliza Jumatatu.

"Tumbo."

Jumatano alimuuliza tena, akajibiwa tumbo. Alhamisi alimchemshia mlonge, akaunywa wote kwa utiifu, mtu ambaye tumbo lake lilikuwa zima kama ngoma. Alitamani kumwambia. Kila alipofungua kinywa aliyakumbuka yale maneno ya unakuwa hodari mno, na kukubali kwamba mkewe aliona mapema ilikuwa kazi ngumu kuliko kufungwa. Hivyo ndivyo tulivyo wanaume wengine, na magereza yametujaa.

Walikuja Jumamosi saa tatu asubuhi. Mgambo watatu, kiongozi wao mtu mrefu mwenye kaunda suti ya kijivu, na mbele yao Mzee Abbasi akiwaonyesha njia kama ilivyompasa balozi. Theopista alikuwa kwenye darasa lake, Bushiri yuko Feri. Uani walikuwepo Pantaleo na Hyasinta tu.

"Wewe unafanya kazi wapi, ndugu?" yule kiongozi aliuliza.

"Bandarini."

"Ahaa," alisema, na kwa neno hilo moja chumba cha Pantaleo kikafumuliwa. Godoro walilipasua. Unga waliumwaga kwenye ungo, wakatia mikono. Sanduku la nguo za kanisani za Hyasinta walilipindua, na yeye akasimama kando mikono kifuani, akitazama gauni lake jeupe likikanyagwa. Walipata nusu mche wa sabuni. Pantaleo alikuwa akimtazama Mzee Abbasi wakati wote, akingoja atie mkono mfukoni mwa koti na kulitoa daftari.

Mzee Abbasi hakutoa kitu. Alikuwa akijifuta shingo kwa leso, na jua lilikuwa bado halijapanda.

Wakamaliza vyumba vyote vilivyo wazi. Kiongozi akanyoosha kidole kwenye pazia la mwisho.

"Na hicho?"

"Hicho ni cha dada yangu," Mzee Abbasi alisema. Alikohoa. "Yuko edani. Haingii mwanamume ila ndugu yake wa damu."

Pantaleo aliisikia sentensi yake ikitoka kinywani mwa mtu mwingine, neno kwa neno. Aliitazama mikono ya balozi. Ilikuwa ikiisokota leso. Sukari ya nyumba kumi haikukosa kufika. Ilifika, mzee akaikalia, na redio ilipotangaza akakosa pa kuipeleka, akaenda kuazima akili kwa Bwana Shibe. Naye ndiye aliyeangukiwa na kura ya Mwenyekiti wa Kijiji! Na kama daftari liko mahali salama, basi pale palipokuwa salama ni huko huko nyuma ya pazia.

Hapo ndipo alipoiona hatari yote. Wakiingia watakuta sukari, na pamoja na sukari watakuta maelezo yake kwa wino wa bluu, yaliyoandikwa na karani wa bandarini anayekaa ng'ambo ya ua: huyo ndugu nimeshamnunua. Mjane asiyejua lolote atatolewa edani na kupandishwa lori. Mzee Abbasi atakuwa mtu aliyenunuliwa. Yeye Pantaleo ndiye atakayekuwa mwenye mali.

Bwana Shibe angekuwa na la kusema. Angecheka, angewapa mgambo kiti, angetaja jina la mkubwa fulani. Pantaleo alimtafuta ndani ya kifua chake na hakumpata. Alisimama pale na unga umemrukia miguuni.

Kiongozi alikuwa akifikiri. Hakuwa mtu mwovu, na mambo ya eda yalionekana kumgusa, kwa sababu alirudi hatua moja nyuma.

"Mila tunaziheshimu," alisema. "Lakini wiki hii nimeshatoa mchele chini ya kitanda cha mgonjwa. Basi aingie mwanamke." Akamgeukia Hyasinta. "Wewe, mama. Ingia, utazame kila kitu, utuambie ulichoona. Ukituficha, umeshiriki."

Hyasinta alimtazama mumewe mara moja tu, kisha akaliinua pazia akaingia.

Pantaleo alijua kwamba wamekwisha. Mwanamke wa kurudisha sindano Buguruni hawezi kudanganya serikali mchana kweupe. Alisikia sauti ya chini ndani, ya Bi Zamda, kisha sauti ya Hyasinta, kisha kimya. Kuku wa jirani aliingia uani, akadonoa unga uliomwagika, na hakuna aliyemfukuza. Mgambo mmoja alipiga miayo. Zilikuwa pengine dakika tatu, lakini ziliburuza miguu.

Pazia likainuka. Hyasinta alikuwa amejifunga kitenge chake juu, mpaka kifuani.

"Kuna kitanda," alisema. "Kuna sanduku, mtungi, na mama wa watu amekaa kwenye mkeka na msiba wake."

"Sukari?"

"Sikuona."

"Sabuni, vitambaa, mafuta?"

"Sikuona, ndugu."

Kiongozi alimkodolea macho kwa muda. Hyasinta naye alimtazama, hakupepesa, na sauti yake ilikuwa ile ile anayoitumia kumwambia mtu saa. Yule mtu akaitikia kwa kichwa, akamshukuru balozi kwa ushirikiano, wakatoka kwenda nyumba ya sita. Mzee Abbasi aliwafuata, na alipopita mbele ya Pantaleo hakumtazama usoni.

Hyasinta aliingia chumbani kwao, katikati ya pamba za godoro, akangoja mumewe aingie, akafunga mlango. Kisha akalegeza kitenge na kulitoa daftari.

"Lilikuwa juu ya magunia," alisema. "Magunia matatu, yamefunikwa mkeka, na Bi Zamda ameyaegemea. Aliniambia ni mchele wa hitima, kaka yake ameleta. Masikini anaamini."

"Mama Agnesi, nisikilize."

"Niliuona mwandiko wako kabla sijaiona sukari."

Aliketi juu ya sanduku lililopinduliwa. Mikono yake aliibana katikati ya magoti.

"Nimesema uongo mbele ya serikali," alisema. "Na Mungu amesikia. Sijutii, usiniombe radhi. Nataka uniambie kweli tu, basi."

Pantaleo akamwambia. Alipiga magoti kwenye pamba akamweleza yote: kura ya kofia, ukurasa wa mjane, kopo la biskuti, cherehani, hofu ya wiki nzima. Alieleza kwa mpangilio, hakuruka kitu, na kila neno lilikuwa kweli tupu. Alivyozidi kueleza ndivyo yeye mwenyewe alivyozidi kusikia jinsi hadithi inavyokaa vizuri, kila kitu na sababu yake.

Hyasinta alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Na tumbo?" aliuliza.

"Tumbo halikuwa linauma."

"Nilikuchemshia mlonge."

"Najua."

Aliinuka, akalichukua daftari, akachana kurasa mbili mbili na kuzitia kwenye jiko, akamwagia mafuta ya taa na kuwasha kiberiti. Walisimama wote wawili wakitazama mpaka jalada likajikunja. Pantaleo alimshika mkono, naye hakuuondoa, akauacha mkononi mwake kama unavyomwachia mtu kitu ambacho huna haja nacho.

"Unaniamini?" aliuliza.

Hyasinta aliliokota gauni lake jeupe, akalikung'uta alama ya kiatu, na ilipokataa kutoka akalikunja hivyo hivyo.

"Ni maelezo mazuri," alisema. "Wakirudi wakaniuliza, na mimi nitasema hivyo hivyo, kwamba ulikuwa mchezo."